Humu Ndani Hatuvuti

Nianze na pua yake, kwa sababu hata yeye alianza na pua. Hodi ilikuwa haijaisha mdomoni, Direkteri alikuwa ameshakunusa. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akavuta hewa kwa sauti kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani, kisha ama alisema karibu ama hakusema. Mtaa wetu wote hapa Uvira ulijua. Waliovuta sigara njiani walitafuna jani la mlimau kabla ya kuingia kwenye parseli yake, kiwanja chenye nyumba yake, na hao nao aliwapata. "Sigara na limau," alisema. "Umekuja na makosa mawili."

Mimi ni mkaza mwana wake, mke wa mtoto wake wa pekee. Nilimwita Direkteri kama wote, kwa sababu hata bwana wangu sikuwahi kumsikia akimwita baba mbele ya watu. Alikuwa ameongoza shule ya msingi miaka mingi, na alipostaafu alirudi nyumbani na shule nzima kichwani. Mkewe alifariki kabla sijaolewa. Bwana wangu alifanya kazi kwenye boti za mizigo za kwenda Baraka, mji wa kando ya ziwa, leo yupo kesho hayupo. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mimi na yeye, pamoja na sheria zake. Baadaye tukawa watatu, na huyo wa tatu ndiye anayenifanya niandike haya. Sitaandika kwa upole. Sina ulimi wa asali, na mtu huyu hakuwahi kuniomba asali.

Ukutani mwa saloni, chumba cha kupokelea wageni, juu ya picha ya harusi yake, alibandika karatasi ngumu yenye mwandiko ule wa ubaoni, wa duara, usio na haraka: HUMU NDANI HATUVUTI. Chini yake alirudia maneno hayohayo kwa Kifaransa. Nilimuuliza kwa nini lugha mbili. Akasema Kiswahili ni cha kuwakataza, na Kifaransa ni cha kuwaomba radhi.

Maana walikuwapo watu wa kuombwa radhi, usidanganywe na karatasi. Ndani ya kabati la vioo alitunza sandriye, kibakuli kizito cha kioo chenye rangi ya chai, cha kukung'utia majivu. Yeye hakuvuta, mkewe hakuwahi kuvuta. Sandriye ile ilikuwa ya wageni, lakini si wageni wote, na hapo ndipo elimu yake yote ilipokaa. Inspekta wa shule akija, Direkteri mwenyewe aliinuka, akafungua kabati, akaifuta sandriye kwa kitambaa na kuiweka mbele yake bila neno. Shefu wa mtaa aliwekewa kisosi. Mwalimu mwenzake aliyestaafu aliambiwa kwa upole kwamba barazani kuna upepo mzuri. Waliobaki walisomewa karatasi. Watu walitoka kwake wakijua kipimo chao barabara, na wapo waliorudi nyumbani wakagombana na wake zao kwa sababu ya kisosi.

Siku moja aliingia afisa mmoja wa jeshi kuuliza njia ya kwa shefu, akakaa bila kukaribishwa, akawasha. Nikamwangalia Direkteri. Nikasema moyoni, leo tutaona karatasi inafanya kazi gani. Yoo! Aliikimbilia sandriye kuliko anavyokimbilia misa. Afisa alipoondoka, alifungua madirisha yote, akanifanya nifue foronya za mito ya viti mara mbili, akasema: "Kuna moshi wa kutoa nje na kuna moshi wa kusubiri upite." Alisema bila haya, kama anayenifundisha kujumlisha.

Mwezi wangu wa kwanza mle ndani alikuja fundi mwashi aliyejenga ukuta wa parseli, mzee wa watu, kuleta pole ya msiba wa mama mkwe wangu. Niliona sigara imekaa juu ya sikio lake. Mgeni ni mgeni, nikasema. Nikafungua kabati, nikatoa sandriye, nikamwekea. Fundi alitabasamu hadi meno ya nyuma. Direkteri hakunigombeza. Alinyoosha mkono, akaichukua sandriye mbele ya mzee yule, akaifuta ingawa ilikuwa safi, akairudisha, akafunga kabati, akaendelea kuongea habari za mchanga wa mtoni na wa ziwani, upi unashika vizuri. Fundi alibaki na kiberiti mkononi. Aliondoka chai yake ikiwa bado ya moto, na hakukanyaga tena pale.

"Mkwe wangu," Direkteri aliniambia baadaye, tena kwa sauti ya huruma, "sandriye si heshima ya sigara. Ni heshima ya mtu."

"Na fundi si mtu?"

"Ni mtu. Ndiyo maana nimemjulisha nafasi yake mapema."

Mwanawe mwenyewe hakupona. Mtu mwenye ndevu, mtu anayebeba gunia la mihogo kutoka botini hadi barabarani bila kupumzika, akirudi kutoka Baraka alisimamishwa mlangoni. "Fungua kinywa. Sema haa." Na bwana wangu alisema haa. Mimi nimesimama pale na bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, mkononi, namwangalia mwanamume aliyenioa akimpumulia baba yake usoni kama mtoto wa chekechea. Siku moja alikuwa amevuta kweli. Akatumwa kula kwenye jiko la nje, kibanda cha mbao na bati nyuma ya nyumba, na akala huko siku tatu. Nilimuuliza kwa nini anakubali.

"Ule ni baba," alisema. "Ukimukatalia kadogo, atakuya na kakubwa."

Sasa nisimpake masizi tupu. Direkteri alikuwa na sababu zake, na zilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Alikuwa ameona wanafunzi wake wakikohoa damu. Kila juma alikwenda hospitali kukaa na wagonjwa wa kifua, watu waliokimbiwa na ndugu zao wa tumbo moja, akawasomea, akawakata kucha. Kucha za watu ambao hata wauguzi waliwapa vidonge kwa mkono mrefu! Hakuwahi kumpiga mtoto, darasani wala nyumbani. Na mimi, niliyetolewa shule kule Lubarika baba aliposema shamba halilimwi kwa kalamu, alinikalisha mezani kila mchana miaka miwili, hadi nikafanya mtihani wa serikali na nikapata diploma. Siku ya matokeo alivaa tai. Alinitembeza mtaa mzima, yeye mbele mimi nyuma, akabisha hodi nyumba kwa nyumba na kusema: "Mkwe wangu amefaulu." Hakuna mtu aliyewahi kunitangaza vile, hata siku ya harusi yangu. Kuanzia hapo alinikabidhi funguo zote za nyumba isipokuwa ule wa kabati la vioo. Nilizifunga kwenye pindo la kitenge, nikawa natembea zinalia, najiona mtu mkubwa. Kwa hiyo mjue kwamba nilimpenda. Nasema mapema ili baadaye msidhani nilikuwa namtafutia kisa.

Wa tatu ni Koko. Ndivyo tunavyomwita bibi mzaa baba huku kwetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa Direkteri. Alikuja kutoka Kiringye mto ulipokula shamba lake. Alikuja na jembe moja, kuku wawili, na kiko cha udongo mweusi, chenye mrija mfupi uliotafunwa hadi ukawa na alama za meno. Alivuta tangu usichana wake. Tumbaku yake aliilima mwenyewe, akaikausha, akaisokota kamba. Siku ileile ya kwanza alikaa kwenye kiti kizuri cha saloni, akajaza kiko taratibu, akaniambia: "Mukazamwana, unipatie kaa ya moto."

"Mama," Direkteri alisema, "humu ndani hatuvuti."

Koko aligeuka nyuma kuona ni nani anayeambiwa. Alipoelewa, alicheka mpaka akashika mbavu. "Weye! Weye ndo unasema ivyo? Minye nilikuzalia mu moshi. Mu ile nyumba moshi ilikuwa mingi kuliko batu. Ata ulikuwa unalia wakati moshi inatoka."

"Ndiyo maana," Direkteri alisema.

Akampa achague. Chumba cha wageni, chenye kitanda, chandarua na dirisha la kioo, bila kiko. Au kiko, pamoja na jiko la nje. Sisemi uongo, alimwekea mama yake swali la mtihani, a na b. Niliamini kabisa atachagua kitanda. Alikuwa mzee, kifua chake kilipiga filimbi akipumua, na mvua zilikuwa mlangoni. Koko aliinuka, akachukua jembe lake nyuma ya mlango, akaniuliza jiko liko wapi.

Basi hapo ndipo lilipoanza jambo lenyewe, na lilikuwa moja tu: je, Koko atalala ndani ya nyumba ya mwanawe kabla hajafa, au hatalala? Mtaa mzima ulikuwa unalingoja. Mimi kila siku nilimbembeleza mmoja wao. "Koko, kiache tu mwezi huu wa mvua." Koko alinijibu kwamba bwana yake alikufa na dada zake walikufa, ila kiko haikukufa. "Direkteri, mruhusu avutie dirishani." Direkteri alinijibu: "Nikimfungulia mama, nitamfungia nani?" Hilo lilikuwa jibu la mtu mwenye akili.

Akaongeza sheria mbili. Kwanza, mlango wa nyuma, ule unaotazamana na jiko, ufungwe kwa ufunguo kila kukiwa na wageni, ili harufu ya tumbaku ya kienyeji isichanganyike na mazungumzo. Pili, kiko chenyewe kikae ndani ya kabati la vioo, naye Koko apewe asubuhi, adhuhuri na jioni, kama dawa ya hospitali. Hii ya pili ndiyo niliyoichukia zaidi, kwa sababu ya jinsi alivyoitekeleza. Koko alikuja hadi kizingiti cha mlango wa nyuma, kuingia haruhusiwi, akauliza: "Kiko yangu iko wapi?"

"Kiko changu kiko wapi," Direkteri alisema bila kuinua macho kwenye kitabu.

Koko akanitazama mimi. "Anasema nini? Anasema kiko iko yake?"

"Hapana, Koko. Anakusahihisha."

"Minye nauliza kiko yangu, yeye anasema changu. Tangu lini? Ule mutoto hata kuvuta havuti!"

Nilicheka, naye Koko akacheka, lakini kabati halikufunguliwa. Direkteri alifunga kitabu. "Mama, kiko ni cha ngeli ya ki na vi. Kiko changu, kiko wapi. Sema." Mwanamke yule alikuwa amezaa, amezika, amelima bonde la Kiringye miaka yote hiyo. Alisimama kizingitini, mikono imening'inia, akasema: "Kiko... changu... kiko wapi." Direkteri akasema vizuri, akafungua. Wee! Siku kumi hivi mfululizo. Siku ya mwisho Koko alikipokea kiko, akakipangusa kwenye kitenge, akamwambia mwanawe: "Minye nilikufundisha kusema mama. Sikukuuliza kama iko yangu ao changu." Tangu hapo Direkteri alimpa bila kumsahihisha, ila hakuwahi kumrudishia moja kwa moja.

Ikaja Jumapili ya mvua. Inspekta alikuja baada ya misa, saa nane mchana, na sandriye ikatoka. Nikafunga mlango wa nyuma kama ilivyoamriwa. Koko alikuwa jikoni na kiko chake cha adhuhuri. Mvua ya Uvira haiji kwa adabu. Inateremka mlimani pamoja na mawe, inapitia ndani ya parseli za watu kana kwamba ina hati. Bati lilianza kupiga kelele hata mtu hajisikii akitafuna. Inspekta aliinua sauti, akaendelea na habari za programu mpya ya shule, sigara moja ikiwashia nyingine, na saloni yetu, ile isiyovutiwa, ikawa haionekani upande wa pili.

Nilikuwa nimesimama koridoni na birika. Nikasikia mlango wa nyuma. Koko hakugonga kwa ngumi, alipiga kwa kiganja, taratibu, vile unavyompigapiga mtoto mgongoni alale.

"Mukazamwana. Maji imeingia mu jiko. Unifungulie."

Angalieni sasa adabu inavyomfunga mtu. Mkaza mwana haingilii mazungumzo ya baba mkwe akiwa na mgeni. Na mkubwa akisema hakatizwi. Nikasogea mahali ambapo Direkteri angeniona, nikamtazama, nikageuza macho kuelekea mlango wa nyuma, nikamtazama tena. Aliniona. Aliinua mkono wa kulia kutoka kwenye goti, akautikisa mara mbili kunielekea, mgongo wa kiganja mbele, kama anavyofukuza kuku. Kisha akarudisha uso kwa Inspekta na kuitikia kwa kichwa.

Nikaenda. Nilikwenda chumbani kwangu, nikakaa kitandani, funguo zikiwa mapajani. Kiganja kiliendelea muda, kikapumzika, kikaendelea, kikanyamaza. Nilijiambia kwamba amezunguka kwa mbele. Nilijiambia amejifunika turubai. Mtu akitaka kukaa kitandani hakosi la kujiambia.

Inspekta alipoondoka, nilifungua. Koko alikuwa ameketi kwenye ngazi, amejikunja, miguu ndani ya maji ya matope, jiko nyuma yake halina ukuta wa upande mmoja. Kiko kilikuwa mdomoni, amekigeuza chini juu ili mvua isiingie. Alinitazama bila hasira.

"Bageni bameenda?" aliuliza. "Sikutaka kubapigia makelele."

Direkteri alitokea nyuma yangu. Alinisukuma kando, akainama, akambeba, mzee akimbeba mzee, hadi kitandani kwake mwenyewe. Basi Koko akalala ndani. Siku nane. Kifua kilichemka kama sufuria ya maharage, muuguzi akaja na sindano, akarudi, akatikisa kichwa. Siku ya saba Koko aliomba kiko. Direkteri alikuwa ameshika mkono wake, hajalala siku zote hizo, ndevu zimemwota.

"Kesho, mama," alisema. "Ukipata nafuu."

Kesho yake asubuhi alikufa. Nilitaka kumtemea mate Direkteri. Nasema kweli, nilikusanya mate mdomoni, kisha nikayameza.

Kwenye matanga, wanawake wazee wa Kiringye walikuja na lori, wakasukuma viti ukutani, wakatandika mikeka saloni. Walikuwa sita. Walilia kwanza, kisha mmoja akatoa kiko chake, wa pili akatoa, na kabla sijamaliza kugawa maji wote sita walikuwa wanavuta chini ya ile karatasi. Mfiwa hafukuzwi, hata Direkteri alilijua hilo. Yule mkubwa wao, mwenye jicho moja, akauliza: "Mu hii nyumba majivu banatupa wapi?" Direkteri aliinuka, akafungua kabati, akamwekea sandriye mbele yake kwa mikono miwili. Alikaa katikati yao siku tatu, macho mekundu. Watu walisema ni machozi. Mimi nilisema ni moshi, na nilimwambia kila aliyetaka kusikia.

Maana nilikuwa nimeanza kusema. Sokoni, nikipepeta ndagala, nilisimulia habari yote. "Alinifukuza mlangoni kwa mkono, hivi! Mama yake yuko kwenye mvua, yeye anamwekea Inspekta sandriye!" Nilisimulia vizuri, na yeye ndiye aliyenifundisha kusimulia, mwanzo, katikati, mwisho. Wanawake walishika vichwa. Habari ilipanda mlimani na kushuka. Watoto wakampa jina, Papa Mulango, yaani Baba Mlango, na walimwita hivyo akipita na fimbo yake. Inspekta akatafuta nyumba nyingine ya kunywea chai. Huko hospitali, mgonjwa mmoja aliona mkasi wa kucha unakuja, akageukia ukutani, akaficha mikono ndani ya shuka. Niliambiwa hilo na muuguzi, na nililifurahia. Nilinunua samaki mkubwa siku hiyo. Mwishowe nilimwambia bwana wangu kwamba sikai nyumba moja na muuaji. Nilisema kwa sauti, mlango wazi, Direkteri akiwa barazani. Hakuja kunijibu. Tukapanga vyumba viwili upande wa mlimani.

Kisha ziwa likapanda, kama mlivyoona wenyewe. Lilikula mtaa ule nyumba kwa nyumba, likaingia saloni ya Direkteri na halikutoka. Parokia ilimpa chumba kimoja nyuma ya ghala. Bwana wangu alikwenda kumwona kila akirudi kutoka Baraka. Mimi sikwenda miaka.

Mwaka jana bwana wangu alinipigia simu kutoka Baraka: baba anaumwa, hakuna wa kumpikia. Nilipika sombe, majani ya mihogo, na samaki wawili wa mikeke, nikaenda. Nisijipambe: sikuenda kwa huruma. Nilitaka neno moja litoke kinywani mwake kabla hakijafungwa. Nilitaka aseme, nilikosa. Nililitaka kwa ajili ya Koko, na nililitaka zaidi kwa ajili yangu, kwa sababu kiganja kile nilikuwa bado nakisikia kila mvua ikinyesha.

Alikuwa anavuta. Ndani. Dirisha limefungwa, moshi umejaa chumba, na yeye kwenye kiti cha plastiki anakung'utia majivu kwenye kifuniko cha kopo. Nilisahau hata salamu.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu sina kifua cha kuharibu isipokuwa changu. Karibu, mkwe. Utavumilia?"

Nilikaa kitandani, hapakuwa na pengine. Alikula kidogo, akasifu sombe, akaniuliza wanangu, waliozaliwa baada ya sisi kuhama, wako darasa la ngapi. Kucha zake zilikuwa ndefu. Nikaona nikisubiri zaidi nitaanza kumhurumia, nikasema.

"Direkteri, ile siku ya mvua. Ulinifukuza mlangoni."

"Nilikufukuza?"

"Kwa mkono. Hivi." Nikautikisa mkono wangu kama alivyofanya, mgongo wa kiganja mbele, mara mbili.

Aliutazama mkono wangu. "Nenda," alisema. "Mkono huo unasema nenda. Inspekta alikuwa anaongea, sikuweza kumkatiza. Nilikuwa nakuambia nenda, kafungue."

Nikasikia hasira, halafu woga, halafu hasira tena. "Unasema uongo," nilisema. "Kama ni hivyo, kwa nini ulinyamaza miaka yote? Umetukanwa, umekimbiwa, watoto wamekuimba njiani!"

"Mkwe hashitakiwi," alisema. "Tena ningewaambia nini? Kwamba mkaza mwana wangu, yule niliyemtembeza mtaa mzima, hakuelewa mkono?"

Sijui kama alisema kweli. Naapa sijui. Huenda alikuwa amekaa na jibu hilo kwenye kiti kile cha plastiki mwaka baada ya mwaka, akilisahihisha mpaka likatoka safi. Nimeurudia mkono ule mara ngapi, kila mara unaniambia nenda kafungue, kila mara unaniambia nenda zako.

"Nami nikuulize," Direkteri alisema. "Ulifikiri mimi ni mtu wa kumfungia mama yangu mlango, mvua ile?"

"Ndiyo," nilisema. "Nilifikiri hivyo. Kila mtu angefikiri hivyo."

"Vizuri." Akakung'uta majivu, akainua macho. "Ulijua mimi ni mbaya kiasi hicho. Ulijua mama yangu ananyeshewa. Na ufunguo ulikuwa kwenye kitenge chako. Sasa kwa nini wewe hukufungua?"

Aliuliza bila ukali, akasubiri, kichwa upande kidogo. Nilikusanya sahani zangu, moja ikiwa bado na chakula, nikatoka bila kuaga.

Bado yuko hai. Bwana wangu ndiye anayempelekea chakula, na kila akirudi ananiambia kwamba baba yake ameuliza tena kama nimeshapata jibu. Hajui ni jibu la nini. Mimi niliyeutangazia mji mzima, bwana wangu huyu sijamwambia swali lenyewe.